Uzee Si Jina la Ugonjwa



 Mwezi huu tumeona tuyaweke kando mazungumzo yetu juu ya masomo ya watoto ili tuijibu barua moja iliyotufikia kutoka kwa mama wa jumuiya yetu hii hii ya Waswahili tuishio Uingereza. Ameturidhia tuyatumie maneno yake kwa sharti la kutotaja jina lake wala mji wake. Barua yenyewe inahusu mbwa. Huenda wapo miongoni mwenu watakaouliza: je, yamekwisha mambo ya watu hata tuandike ya mbwa? Tunawaomba mvute subira, kwani ndani ya barua hiyo yumo mtoto aliyeacha kuzungumza na baba yake, na hilo si jambo dogo.

Nyumba hiyo ina mbwa aitwaye Simba, mwenye umri wa miaka 12. Aliletwa angali mchanga, wakati binti mkubwa wa nyumba alipokuwa na miaka mitatu, na wawili hao wamekua pamoja. Makazi yake ni jikoni na uani, na kwa miaka yote hiyo hakupata kuchafua sakafu wala kumtolea mtu meno. Tangu kuingia kwa majira ya baridi, mambo yamegeuka. Simba hulimaliza bakuli la maji akataka jingine. Jikoni hukutwa dimbwi la mkojo kila asubuhi. Usiku wa manane huamka akazunguka huku na huko, kucha zikigonga sakafu, na mara nyingine hukutwa amesimama kwenye pembe nyuma ya jokofu, uso ukiuelekea ukuta, kama aliyesahau njia ya kutokea. Siku moja kitinda mimba wa miaka mitano alimkumbatia kutoka nyuma, naye akamngurumia.

Hapo kila mtu akatoa hukumu yake. Shangazi, aliyekuwa amekuja kutembea kutoka nyumbani, alisema mnyama huyo ameingiwa na kichaa, atolewe kabla hajauma. Jirani alisema amedekezwa, na dawa yake ni kumwondolea maji tangu magharibi ili asikojoe usiku. Baba, ambaye hufanya kazi za usiku na hurudi akiutamani usingizi, alisema huo ni uzee tu, na mnyama aliyemaliza siku zake hupelekwa kwa daktari akapumzishwa. Binti, ambaye sasa ana miaka 15, alimwuliza baba yake: “Na bibi naye akianza kusahau, mtampeleka wapi?” Baba alikasirika mno, na tangu siku hiyo binti hurudi shule, hupanda chumbani kwake na kufunga mlango. Mama anatuuliza: katika hawa watatu, shangazi, jirani na baba, ni nani aliyesema kweli?

Jibu letu fupi ni kwamba kila mmoja alikuwa na sababu ya kusema alilolisema, lakini wote wametoa hukumu kabla shahidi hajasikilizwa. Shahidi huyo hana ulimi. Husema kwa maji anayokunywa, kwa mahali anapokojoa, kwa saa anayoamka na kwa namna anavyoinuka kutoka alipolala. Dalili ya mvua ni mawingu, na kazi yetu mwezi huu ni kujaribu kuyasoma mawingu hayo moja moja.

Kwanza tumtendee haki shangazi. Huko nyumbani, mbwa aliyegeuka tabia ghafla ni hatari, na sisi tuliolelewa huko tumefunzwa hivyo tangu utotoni. Kichaa cha mbwa kingalipo Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Inakadiriwa kwamba ulimwenguni kote ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi wakiwa wa Asia na Afrika, na takriban wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno. Lakini hapa Uingereza ugonjwa huo uliondolewa miongoni mwa mbwa mwaka 1902, ukarejea mwaka 1918 mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ukaondolewa tena mwaka 1922. Kwa hiyo mbwa aliyezaliwa hapa, asiyepata kutoka nje ya nchi, akibadilika tabia uzeeni, kichaa si jambo la kwanza la kufikiriwa. Ikiwa aliletwa kutoka nje, daktari aelezwe ametoka wapi na lini.

Na kwa kuwa watoto wetu waliozoea mbwa wa huku huenda nyumbani likizo wakadhani kila mbwa ni wa kupapaswa, tuliseme na hili. Huko, mbwa asiyejulikana asiguswe, na aliyegeuka tabia aepukwe kabisa. Mtoto akiumwa, au hata akiparuzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachanjwe. Chanjo ikiwahi huokoa maisha. Watoto wafundishwe kutolificha jambo hilo kwa kuogopa kugombezwa. Ishara ni ile ile, mbwa aliyebadilika. Lakini kule inatuambia tumkimbie, na huku inatuambia tumkaribie tumtazame vizuri.

Sasa tumjie baba na neno lake la uzee. Wengi wetu hatukupata kumwona mbwa mzee hadi tulipofika nchi hizi. Vijijini kwetu mbwa wengi hufa mapema kwa maradhi, njaa na ajali, kwa hiyo hatukupata nafasi ya kujifunza uzee wao ulivyo. Hapa hali ni nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 juu ya zaidi ya mbwa nusu milioni wa Uingereza ulionyesha kwamba nusu yao walifikia umri wa miaka 12 na nusu au kuupita. Mbwa wa miili mikubwa huzeeka mapema zaidi, wengine wakiwa na miaka saba au minane tu, ilhali wadogo hukawia. Simba basi ni mzee, hilo hatubishani na baba.

Tunachobishana nacho ni neno “tu”. Uzee ni umri, si jina la ugonjwa. Kuna mzaha wa zamani wa mzee aliyeambiwa na daktari kwamba goti lake linauma kwa sababu limezeeka, naye akajibu: “Mbona hili la pili haliumi, na umri wao ni mmoja?” Tukisema “ni uzee tu” tunakuwa tumefunga faili kabla ya kulisoma. Na mbwa, kwa maumbile yake, ni mficha maradhi: huweza kuumwa na jino au nyonga kwa miezi mingi pasipo kulia, akaendelea kutikisa mkia akuonapo. Wahenga walikwisha tuambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Binadamu huficha kwa kupenda, lakini mnyama huyu haelewi hata kwamba anaficha, na kwa hiyo jukumu la kumfichulia ni letu.

Tuanze na kiu, maana ndiyo dalili inayopimika. Mbwa mwenye afya hunywa kwa siku kiasi cha mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake, zaidi kidogo wakati wa joto au akila chakula kikavu. Akizidi mililita 100 kwa kila kilo, pana jambo. Mbwa wa kilo 20, kwa mfano, akimaliza zaidi ya lita mbili kwa siku, hiyo si kiu ya kawaida. Sababu zake ni nyingi. Huweza kuwa kisukari, na hapo mara nyingi hukonda ingawa anakula. Huweza kuwa figo zinazochoka, ambazo kwa bahati mbaya hazitoi dalili hadi sehemu kubwa yake imekwisha haribika. Huweza kuwa ugonjwa uitwao Cushing, kwa jina la daktari wa Kimarekani Harvey Cushing aliyeueleza mwaka 1912. Katika ugonjwa huo tezi zilizo karibu na figo hutoa homoni ya kotisoli kupita kiasi, naye mbwa hunywa, hukojoa, hutweta, manyoya humpungua, tumbo humning'inia, na hula kwa pupa. Hilo la kula ndilo linalotudanganya, kwa kuwa sisi tumezoea kusema kwamba mgonjwa ni yule aliyekataa chakula.

Jike ambaye hakufungwa uzazi astahili angalizo la peke yake. Akianza kunywa maji mengi, kutapika na kulegea majuma machache baada ya siku zake za joto, huenda tumbo lake la uzazi limejaa usaha. Huyo asisubiri hata kesho. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Katika hali zote hizi mkojo wa jikoni hauwi utovu wa adabu. Mwili unaotoa maji mengi hauwezi kungoja hadi mlango ufunguliwe asubuhi. Ndiyo maana shauri la jirani, la kumwondolea maji, ni la hatari kuliko yote tuliyoyasikia. Mara nyingi mbwa hukojoa kwanza kwa sababu ya ugonjwa, kisha hunywa ili kufidia alichokipoteza. Ukimnyima maji, mkojo hautakoma. Utakachopata ni mbwa aliyekaukiwa na figo zilizozidi kuumia. Bakuli libaki limejaa usiku na mchana. Na wale ambao mkojo huo huwaharibia mahali pa kuswalia, masuala ya tohara wawaulize masheikh wetu. Sisi twaongeza tu kwamba mlango wa chumba hicho ufungwe, na mbwa atolewe nje mara moja zaidi kabla ya watu kulala.

Dalili ya pili ni kunguruma. Mbwa aliyekaa na watoto miaka 12 bila ya kuwaonyesha meno, akinguruma leo, mara nyingi anasema: “Hapo panauma.” Huenda ni viungo vya nyonga au magoti vilivyolika, na utamtambua kwa kusitasita mbele ya ngazi, kwa kuinuka kwa shida asubuhi na kuchangamka akishatembea kidogo. Huenda ni meno yaliyooza. Au pengine hakusikia mtoto akija. Masikio ya mbwa huzeeka kama yetu, na kiziwi aliyeguswa akiwa usingizini hushtuka kabla ya kufahamu ni nani. Hali kadhalika macho. Ukungu wa rangi ya samawati katika jicho la mbwa mzee aghalabu ni wa umri na haumzuii kuona sana. Weupe mzito wa mtoto wa jicho ni jambo jingine, nao huwapata mno wenye kisukari. Lakini kujua sababu hakuondoi hadhari. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa mwenye maumivu, asimguse akiwa amelala, na afunzwe kumwita kwanza kutoka mbele. Ngurumo isiadhibiwe, kwa kuwa ndiyo onyo lake la mwisho kabla ya meno, na mbwa aliyekatazwa kuonya huuma bila ya kuonya.

Dalili ya tatu, ile ya kuukabili ukuta usiku wa manane, ndiyo iliyowatia hofu zaidi, na tunaelewa. Ubongo wa mbwa huzeeka pia. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2001, asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12 walikuwa na angalau dalili moja ya kudhoofika akili. Kwa wale wa miaka 15 hadi 16 ilikuwa asilimia 68. Dalili zenyewe ni kupotea mahali anapopajua, kusimama upande wa bawaba akingoja mlango ufunguke, kulala mchana na kukesha usiku, kusahau alikofunzwa kwenda haja, kuwapuuza aliowapenda au kuwang'ang'ania kupita kiasi. Ndani ya ubongo wa mbwa hao hukutwa protini iitwayo amiloidi, ile ile ikusanyikayo katika ubongo wa watu wenye ugonjwa wa Alzheimer. Hakuna dawa ya kuirudisha akili ilivyokuwa. Ziko dawa na vyakula maalumu ambavyo huwasaidia baadhi yao, na yako mambo ya nyumbani ambayo tutayataja. Daktari hukifikia kifungu hiki mwishoni, baada ya kuondoa maumivu, kisukari, figo, macho na masikio, kwani kila kimoja katika hivyo huweza kumkesha mbwa na kumzungusha.

Tuongeze dalili moja isiyokuwamo katika barua, maana imekwisha wafanya wengi wamfishe mbwa ambaye angepona. Mbwa mzee huweza kuamka siku moja kichwa kimepinda upande, macho yanachezacheza, miguu haimshiki, anaanguka na kutapika. Watu husema amepooza. Mara nyingi si kiharusi bali ni hitilafu ya mfumo wa mizani ulio ndani ya sikio, na wengi wa mbwa hao huanza kupata nafuu katika siku chache na kutembea vizuri baada ya majuma mawili au matatu, ingawa kichwa huweza kubaki kimepinda kidogo. Aonwe na daktari siku hiyo, lakini uamuzi wa kumfisha usifanywe siku hiyo, ikiwa daktari haoni sababu nyingine.

Tulimwandikia mama huyo kwa ufupi haya tuliyoyasema, na mwezi haujaisha akatuletea barua ya pili. Kumbe aliyeutatua mwanzo wa fumbo hili ni bibi mzaa baba, akaaye nao, ambaye katika maisha yake hakupata kumpenda mbwa. Alikuwa ameketi jikoni akimtazama Simba akinywa, akasema: “Huyu anakunywa kama nilivyokuwa nikinywa mimi kabla ya kujua kwamba nina sukari.” Walimpeleka, na vipimo vya damu na mkojo vikamthibitisha bibi. Daktari alipompapasa nyonga, Simba alinguruma vile vile kama alivyomngurumia mtoto: viungo vimelika. Kuhusu kuukabili ukuta, daktari alisema kwamba huenda ubongo umeanza kuchoka, na kwamba wangoje waone kitakachobaki baada ya yale mawili kutibiwa. Sukari imeteremka, kiu imepungua, jikoni asubuhi ni pakavu. Usiku bado huzunguka mara moja moja. Kwa hiyo palikuwa na mambo matatu yaliyovaa kanzu moja, na kanzu hiyo watu waliiita uzee.

Mbwa mwenye kisukari hudungwa insulini, kwa kawaida mara mbili kwa siku, kwa saa zisizobadilika, pamoja na chakula. Anatuambia mama kwamba binti ndiye adungaye, asubuhi na jioni, saa zile zile bibi anapojidunga ya kwake. Tunawaonya hapa kwamba kila mmoja abaki na dawa yake na kipimo chake alichopewa na daktari wake. Insulini ya mtu asidungwe mbwa kwa kukisia. Na mbwa adungwaye akilegea, akitetemeka au kuanguka, huenda sukari imeshuka mno: apakwe asali au maji ya sukari kwenye fizi na daktari apigiwe simu mara moja.

Huenda bibi hajui kwamba kati yake na Simba pana deni la zamani. Mwaka 1921, mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walikamua dawa kutoka katika kongosho za mbwa na kuwadunga mbwa wengine walioondolewa kongosho zao, wakaona sukari ikishuka katika damu. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari alikuwa akingojea kifo. Mbwa wale walikufa. Nyumba ngapi katika jumuiya yetu zina kalamu ya insulini ndani ya jokofu? Hatudai kwamba kila mmoja wetu afuge mbwa kwa sababu hiyo, ila twaona haifai tumcheke anayemtibu wake.

Sasa tuwape wenye mbwa wazee kazi ya nyumbani, kama ada ya mwalimu. Chukueni daftari, na kwa muda wa siku saba andikeni haya: maji aliyokunywa, kwa kujaza bakuli kwa kikombe cha kupimia na kutoa kilichobaki, uzito wake, anavyokula, saa alizoamka, mahali alipokojoa, na kila aliponguruma, nani alikuwa wapi na alimgusa wapi. Siku ya kwenda kwa daktari, kingeni mkojo wa asubuhi katika chupa safi. Daftari la namna hiyo humpa daktari katika dakika tano habari ambazo mbwa angezieleza kama angekuwa na ulimi. Lakini dalili za haraka zisingoje daftari: kushindwa kukojoa, kutapika mfululizo, tumbo kuvimba na kukaza, kifafa, au kuzimia.

Msimpe dawa za watu. Ibuprofen na paracetamol, ambazo ziko katika kila kabati, huweza kumwua mbwa. Wala asipewe mabaki ya pilau yenye vitunguu na zabibu, kwani vyote viwili ni sumu kwake. Nyumbani, acheni taa ndogo ikiwaka usiku, tandikeni mkeka au zulia mahali penye utelezi, msihamishe viti na meza bila ya sababu, na mpelekeni nje kwa saa zile zile kila siku. Mzee wa kila aina hupenda kukikuta kitu mahali alipokiacha.

Tunajua kwamba wengi wenu mtauliza habari ya fedha, na ni swali la haki. Ulizeni bei kabla ya vipimo, na mwambieni daktari uwezo wenu bila ya haya. Kipimo cha mkojo na cha damu hutangulia vile vya ghali. Mna haki ya kuomba cheti cha dawa mkainunue kwingine, ingawa cheti chenyewe hulipiwa. Bima kwa kawaida hailipii ugonjwa uliokwisha anza. Shirika la PDSA, lililoanzishwa mwaka 1917 na Maria Dickin katika mtaa wa Whitechapel, London, kwa ajili ya wanyama wa watu maskini, hutoa matibabu ya bure au ya bei nafuu kwa wapatao misaada fulani ya serikali na wanaokaa karibu na hospitali zake. Ulizeni. Kumwacha tu ateseke si njia: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, kwa Uingereza na Wales, inamlazimisha mwenye mnyama kumkinga na maumivu na maradhi, na kumtelekeza barabarani ni kosa.

Hatusemi kwamba kila mbwa mzee atibiwe hadi pumzi ya mwisho. Iko siku ambayo baba atakuwa amesema kweli. Mbwa asiyeweza kuinuka, asiyekula, mwenye maumivu yasiyotulizwa na dawa, ambaye siku mbaya zimezidi siku njema, kumpumzisha kwa mkono wa daktari ni huruma. Tofauti ni kwamba uamuzi huo hufuata baada ya kujua, wala si badala ya kujua.

Na katika siku hiyo tunawaomba wazazi jambo moja ambalo ni la sisi wahamiaji hasa. Watoto wetu ndio wakalimani wetu: benki, hospitali, ofisi za halmashauri. Tumewazoea mno kiasi cha kusahau kwamba ni watoto. Mtoto asiwekwe kati ya baba na daktari kuyatafsiri maneno ya kifo cha mbwa aliyekua naye. Atafutwe mtu mzima wa jumuiya aende kukalimani, naye mtoto aachwe afanye kazi yake, ambayo ni kulia na kuaga. Aambiwe kweli, si kwamba mbwa amepelekwa shamba.

Tumalizie na lile swali la binti, maana limetukaa moyoni kuliko habari zote za figo na sukari. Lilikuwa kali, na namna ya kumwuliza mzazi haikuwa ya adabu. Hilo baba ana haki ya kulisahihisha. Lakini ndani yake mlikuwa na swali la kweli. Watoto waliozaliwa ugenini hawakutuona tukiwatunza babu na bibi zetu vijijini. Hawajui tulivyowakoga, tulivyowalisha, tulivyokesha nao. Wanachokiona ni kile tukitendacho hapa, ndani ya kuta hizi nne, kwa yeyote aliyezeeka mbele yao, na hapo ndipo wanapojifunza tutakavyotaka kutendewa. Mama anatuarifu kwamba baba sasa, arudipo kazini alfajiri, ndiye amtoaye Simba uani, na kwamba binti ameanza kumwachia chai iliyofunikwa mezani. Bado hawajazungumza sana. Tunawashauri wasiharakishwe.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutarejea katika masomo ya watoto. Wenye maswali watuletee kama kawaida. Hadi wakati huo, tunawatakia nyote afya njema.

Wasalaam.